Kompyuta Inapoganda: Somo la Kutafuta Chanzo

Miongoni mwa kasoro za kompyuta ya mezani, hakuna inayomchosha mwalimu kama kuganda kusiko na wakati maalumu. Mashine iliyokufa kabisa hupelekwa kwa fundi. Hii hufanya kazi vema asubuhi nzima, kisha picha husimama kiooni, kishale hakisogei, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Fundi akiitwa kesho yake, haoni kosa lolote. Hapo ndipo twasikia ya kuwa mashine hiyo "ina tabia zake", na haipiti muda ila hufunikwa kitambaa na kusahauliwa.

Nchi yetu yaijua hasara ya mashine zisizo na wa kuzitunza. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kompyuta iliyowekwa kwa hesabu za Hazina kuleta matatizo makubwa. Wataalamu walikuwa haba. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na mwaka 2007 Wizara ilitoa Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi. Lakini sera haiwezi kuizindua mashine iliyoganda. Kazi hiyo humwangukia mwalimu aliyeko shuleni.

Katika chuo tunachofundisha, wilayani Masasi, kompyuta iliyotunza alama za mazoezi ya kufundisha ilianza kuganda wakati alama zilipokuwa zikiingizwa. Wengine walidai ni virusi, wengine uzee. Tulishauriwa pia tufute kila kitu na kuweka programu upya. Ushauri huo si wa kipuuzi, ila ulikuwa dawa iliyotangulia kipimo, na alama za wanachuo zingeweza kupotea. Basi tulinakili alama zote katika flashi mbili, kisha tukafungua daftari. Tuliandika tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, na hali ya mashine ilipoganda. Saa haikuwa taabu kuipata, kwa kuwa saa iliyo pembeni mwa kioo husimama pamoja na mashine. Ikionyesha 14:20, twaandika saa 8 na dakika 20 mchana.

Kwa majuma mawili mashine iliganda mara tisa. Mara saba zilikuwa kati ya saa 7 mchana na saa 10 alasiri. Mara mbili tu zilikuwa asubuhi. Zile saba zilielekeza kwenye joto, maana ulikuwa mwezi wa Oktoba, na majabali ya Masasi hurudisha jua mithili ya tanuri. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, hupozwa na feni inayopuliza hewa katikati ya mapezi ya chuma. Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua kasha, tukakuta mapezi yamezibwa na vumbi jekundu. Tuliliondoa kwa brashi laini, hatukugusa kitu kingine. Kuganda kwa mchana kukakoma.

Kule kwa asubuhi kukabaki. Safari hii hata kitufe cha herufi kubwa kilipobonyezwa, taa yake haikubadilika. Ishara kwamba mashine nzima imesimama, si programu moja tu. Ndani mlikuwa na vibao viwili vya kumbukumbu. Tulitumia kimoja kwa siku tatu, kisha kingine kwa siku tatu. Cha kwanza hakikuleta tatizo. Cha pili kiliganda siku ya pili yake. Tuligusa kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme wa mwilini, tukasugua taratibu meno ya kibao hicho kwa ufutio wa penseli, tukakirudisha na kukikaza. Programu ya kupima kumbukumbu ilifanya kazi usiku kucha bila kuona kosa, na kuganda kukaisha. Kumbe kilichoonekana hakina utaratibu kilikuwa na taratibu mbili zilizochanganyika.

Baadaye wanachuo waliokuwa mazoezini katika shule moja ya Newala walikuta mashine inayoganda vivyo hivyo, nao wakaomba brashi. Tuliwaomba daftari kwanza. Maandishi yao hayakuonyesha saa, yalionyesha kazi: mashine ilisimama kila lilipofunguliwa jalada la mahudhurio. Kishale kilisogea bado, taa ya diski ilibaki imewaka, na ndani mlisikika mgongo kama wa kucha juu ya meza. Hiyo ilikuwa diski kuu inayokufa. Kila kuizima na kuiwasha kungezidisha hatari. Walinakili yaliyonakilika, ndipo diski ikabadilishwa. Brashi ya Masasi isingefaa kitu Newala.

Kanuni basi ni tatu. Kwanza, okoa kazi kabla ya kuokoa mashine. Pili, andika kabla ya kugusa. Tatu, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukisafisha vumbi, ukaweka programu upya na kubadili kibao siku moja, mashine ikipona hutajua kilichoiponya; ikiugua tena, waanza upya.

Kanuni hizi si za kompyuta peke yake. Mtoto wa Darasa la Nne hutoa 586 – 243 bila shida, kisha akaganda kwenye 402 – 178, nasi twaharakisha kumwita mzito. Mpe 462 – 178. Akiiweza, kukopa anakujua. Kinachomkwamisha ni sifuri iliyo katikati. Umebadili tarakimu moja, nawe umejua pa kuanzia kesho.

Twawasihi walimu watarajiwa waweke daftari na penseli kando ya kila kompyuta watakayoikuta shuleni, na wawaachie wanafunzi wenyewe waandike saa na kazi kila inapoganda. Watoto watakaosoma maandishi hayo na kukisia chanzo watakuwa wamejifunza sayansi, hata kabla mashine haijapona.