SIKU YA KWANZA MJINI MWANZA

Je, umewahi kwenda Mwanza bila kuwa na mgonjwa?

Wengi wetu wa Ikoma, Nata na Mugumu tunaijua Mwanza kwa njia moja tu. Mtu anaugua. Anaandikiwa barua ya kupelekwa Bugando. Ndugu wanachangishana nauli. Mnapanda basi, mnafika mmechoka, mnapanda kilima cha Bugando na kukaa kwenye benchi. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, na imeokoa watu wengi wa kwetu. Lakini mtu mwenye mgonjwa haoni mji. Anaona mlango wa wodi tu.

Safari hii nakuomba uende ukiwa mzima. Ngoja mavuno yapite, weka akiba kidogo, kisha nenda kutembea. Siku moja inatosha, kama utaitumia yote tangu alfajiri. Tena sasa unajua kusoma. Utaona kwamba mji huu si ule ulioupita zamani, wakati maandishi ya ukutani yalikuwa kwako kama mapambo tu.

Fika jioni. Ukitoka Ikoma utapitia Nata, Bunda, Lamadi na Magu, na basi litakuingiza mjini kwa barabara ya Musoma. Stendi yako ni Nyamhongolo. Tafuta nyumba ya wageni iliyo karibu, uliza bei kabla ya kuweka mzigo, na ulale mapema. Nauli ya kurudi iweke peke yake, katika mfuko wa ndani. Fedha hiyo usiiguse hata ukiona kitu kizuri namna gani.

Alfajiri panda daladala la kwenda Kirumba. Jina limeandikwa mbele ya gari. Usimwulize konda, lisome mwenyewe. Shuka uende Mwaloni, kwenye soko la samaki. Fika mapema, kwa sababu soko hili ni la asubuhi. Hapo utaona magunia ya dagaa yamepangwa marefu kuliko nyumba. Utaona sangara waliokaushwa, wagumu kama mbao. Utasikia Kiswahili cha namna nyingi, kwa maana wanunuzi wengine wanatoka Kongo, Rwanda na Burundi. Simama pembeni, wapishe wabeba mizigo. Hao hawasimami kwa ajili ya mgeni.

Sangara si samaki wa asili wa ziwa hili. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kukua mpaka kupita kilo 100, na chakula chake ni samaki wenzake. Furu wa aina nyingi, wale samaki wadogo ambao wazee wa ziwani waliwala kila siku, wamekwisha tumboni mwake. Upande wa pili, sangara ameleta viwanda vya minofu, na minofu hiyo inauzwa mpaka Ulaya. Muulize mvuvi mzee kama biashara hiyo ilikuwa nzuri. Mimi nimewauliza watu wawili na nimepata majibu mawili.

Kutoka Kirumba mpaka katikati ya mji si mbali. Ukiwa na miguu ya Ikoma, tembea. Angalia vilima. Nyumba zimejengwa juu ya mawe, kati ya mawe na chini ya mawe, na mengine ni makubwa kama zizi la ng'ombe mia. Ni mawe ya namna ileile tunayoyaona kwetu Serengeti, ambayo simba hupenda kulala juu yake. Hapa wanalala watu.

Karibu na kivuko cha Kamanga utaona mawe yamesimama majini, moja limekaa juu ya jingine kama lililowekwa kwa mkono. Hilo ndilo Jiwe la Bismarck. Bismarck alikuwa kiongozi wa Ujerumani wakati Wajerumani walipoanza kuitawala nchi hii. Hakufika hapa hata siku moja. Boma lililobaki pale Fort Ikoma lilijengwa na Wajerumani hao hao.

Ziwa nalo lina jina la mtu ambaye hakuliona. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alifika karibu na hapa, akiwa na Waafrika waliojua njia na lugha, mmoja wao Sidi Mubarak Bombay. Speke akaliita ziwa kwa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji walikuwa na neno lao, nyanza, yaani maji mengi. Inasemekana jina la Mwanza limetoka katika neno hilo.

Sasa vua viatu, ingiza miguu majini. Maji hayo unayajua. Mto Grumeti, unaopita kwetu na kuwanywesha nyumbu, unaishia katika ziwa hili, kwenye Ghuba ya Speke. Kutoka hapa maji yanakwenda mpaka Jinja huko Uganda, yanakuwa Mto Nile, yanapita Sudan na Misri, na kuingia baharini. Mkulima wa Misri anamwagilia shamba lake kwa maji ambayo mengine yalipita Ikoma.

Mbele kidogo majini kuna kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, tena ndogo kuliko zote nchini. Kina swala, pimbi na wanyama wengine. Watu wa mjini wanalipa kwenda kuwaona. Wewe ambaye nyumbu hupita kando ya shamba lako na tembo humaliza mahindi yako, amua mwenyewe kama utatoa fedha kumwona swala. Lakini jina lake lijue. Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi kisiwani. Mwaka 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, naye akahama. Sisi wa Ikoma habari ya namna hiyo tunaielewa bila kuelezwa.

Saa sita njaa itauma. Kula kwa mama lishe, ugali na sato. Kisha ingia Makoroboi. Mtaa huu ulipata jina kutokana na mafundi waliotengeneza koroboi kwa makopo na mabati chakavu. Huenda koroboi uliyosomea usiku ilitoka mikono kama hiyo. Tembea polepole, soma kila kitu: dukani, kwenye magari, ukutani. "Leo taslimu, kesho mkopo." "Usikojoe hapa." Mzee mmoja niliyetembea naye alisoma kila bango kwa sauti mpaka koo likakauka, na watu wakadhani anahubiri. Mwache mtu asome. Alingoja miaka mingi.

Bandarini tazama meli. MV Victoria iliundwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Meli mpya, MV Mwanza, imeundwa hapa hapa Mwanza na kuingizwa majini mwaka 2023. Imekusudiwa kubeba abiria 1,200. Ikumbuke namba hiyo, maana sasa nataka kukupeleka mahali ambapo watembezi wengi hawafiki.

Panda daladala la Igoma, kwa barabara ileile ya Musoma uliyojia. Igoma kuna makaburi ya watu wa MV Bukoba. Meli hiyo ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, imebaki safari fupi tu kufika Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Siku hiyo ilibeba watu wengi kupita hao, ikalala ubavu, ikapinduka. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya vifo zaidi ya 800. Wengine hawakutambuliwa, wakazikwa hapa pamoja. Vua kofia. Kaa kimya kidogo. Watu hao hawakuwa vitani. Walikuwa wanasafiri tu, kama wewe.

Ungedhani jambo hilo halikurudia tena. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora katika Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na nchi kavu. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Jumlisha mwenyewe hesabu hizo mbili, kisha zilinganishe na 101.

Wala si sisi peke yetu. Katika nchi ya Sweden, huko Ulaya ya kaskazini, kuna mji unaoitwa Stockholm, nao umejengwa juu ya visiwa. Mgeni anayefika Stockholm hupelekwa kutazama meli ya mbao iitwayo Vasa, iliyo ndani ya nyumba kubwa ya makumbusho. Mfalme wa Sweden aliagiza meli hiyo kwa ajili ya vita. Ilikuwa nyembamba na mizigo yake mizito ilikuwa juu mno. Wewe unajua mkokoteni uliorundikwa kuni mpaka juu unavyofanya kwenye kona. Kabla ya safari wakubwa waliijaribu. Waliwaambia watu 30 wakimbie kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili. Walipokimbia mara tatu, meli ilikuwa inayumba vibaya, jaribio likasimamishwa upesi. Hakuna aliyeizuia safari. Tarehe 10 Agosti 1628 meli ikaondoka watu wakishangilia. Haikufika hata kilomita moja na nusu. Upepo kidogo ukaisukuma, ikalala, ikazama, wakafa watu kama 30. Ilitolewa majini mwaka 1961, baada ya miaka 333. Walioona hatari kabla ya safari walikuwapo, wakanyamaza.

Kwa hiyo ukipanda kivuko au mtumbwi wa abiria katika ziwa hili, fanya hivi. Tafuta namba ya abiria walioruhusiwa. Huandikwa ubavuni au ndani, wakati mwingine rangi imefifia. Isome. Kisha hesabu watu, hata kwa kukadiria, ukiwajumlisha watoto waliobebwa. Uliza jaketi la kuokolea maisha, ulivae, ulifunge. Ukiona watu wamezidi, sema kwa sauti: "Nahodha, hapa pameandikwa watu wangapi?" Mwulize mbele ya watu. Watakuambia unachelewesha safari. Watakuita mshamba kutoka porini. Shuka na watoto wako, ungoje kivuko kingine. Usiku mmoja kwenye mkeka wa mwaloni si kitu.

Kutoka Igoma rudi ukalale. Miguu itauma.

Asubuhi basi la kurudi litapita Kisesa, na Bujora iko karibu na hapo. Kuna makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, katika miaka ya 1950. Utaona ngoma za watemi na vifaa vya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji wanaoshindana tangu zamani. Ukiwa na saa mbili za ziada, shuka uone, kisha upande gari jingine. Kama huna, iache mpaka safari nyingine.

Ndani ya basi kaa dirisha la kushoto. Ziwa litakuonekania hapa na pale mpaka Lamadi. Baada ya Lamadi, kushoto ni upande wa ziwa, kulia ni hifadhi ya Serengeti, na katikati ni barabara yako. Muulize utingo akuonyeshe mahali mnapovuka Mto Grumeti. Maji utakayoyaona chini ya daraja yanakwenda ulikotoka.