Mtu wa Nyaramba na Hamu ya Vitu vya Kiingereza

Katika jimbo la Minnesota, huko kaskazini ya Marekani, wamehamia Wakisii wengi, hata mtu aweza kusikia lugha yao dukani na kanisani kana kwamba yuko sokoni kwao. Miongoni mwao yuko mtu mmoja wa Nyaramba, karani wa hospitali, ambaye hajapata kuikanyaga Uingereza hata siku moja. Walakini tangu afike Marekani amekuwa akigundua, tena kwa kuchekwa, kwamba ana Uingereza mwingi ndani yake.

Siku aliyopokewa uwanja wa ndege alikwenda kushoto mwa motokaa aketi kama abiria, akakuta usukani. Mwenyeji wake akamwuliza kama anataka kuendesha. Kesho yake aliagiza biskuti hotelini, akaletewa kimkate laini kilichomwagiwa mchuzi mweupe. Akaagiza chai, akapewa gilasi iliyojaa barafu. Akasema aitaka ya moto. Akaletewa kikombe cha maji ya uvuguvugu, na kifuko cha majani kimelazwa kando kama dawa ya kumezwa baadaye. Maziwa hayakuwapo. Wamarekani ndio waliotupa shehena ya chai ya Waingereza majini katika bandari ya Boston mwaka 1773, na mtu wa Nyaramba huona kwamba hawajajuta mpaka leo.

Kazini mambo hayakuwa ya kuchekesha sana. Aliandika 5/8, maana yake tarehe tano ya Agosti. Mmarekani akasoma tarehe nane ya Mei, na mgonjwa akaja miezi mitatu kabla ya siku yake. Tangu hapo huandika jina la mwezi kwa herufi. Tena akikanyagwa mguu, yeye ndiye aombaye radhi. Desturi hizi hakufundishwa na Mwingereza yeyote. Alifundishwa na walimu Wakisii, waliokagua tai na sweta kila asubuhi katika baridi ya milimani.

Hamu nayo ikaja, na haikuwa ya matoke wala wimbi peke yake. Alitamani chokoleti ya Cadbury. Alipoipata akaona ladha si ile, maana huko Marekani hutengenezwa na kampuni ya Hershey, na mwaka 2015 Waingereza wakaao huko walilalamika, wafanya biashara walipokubali kuacha kuingiza ile itengenezwayo Uingereza. Mtu wetu alilalamika pamoja nao kwa uchungu, yeye ambaye kwao chokoleti aliionja Krismasi tu.

Mwisho alipata duka la vitu vya Kiingereza, akanunua chai kwa bei ya kutisha. Sandukuni palikuwa na jina la Kiingereza; ubavuni, kwa herufi ndogo, palitajwa Kenya. Alisimama pale dukani akiwa na koti la theluji mwilini, akakumbuka mgongo wa mama yake ulioinama chini ya kikapu.

Waafrika wa Kenya walizuiwa kwa muda mrefu kupanda chai ya kuuza, mpaka miaka ya 1950, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukasaidia kulifungua lango hilo. Babu yake alipanda. Mama yake akarithi kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu, ambayo hupelekwa mnadani Mombasa na kununuliwa na wageni, Waingereza wakiwamo. Karo yake yote ya shule ilitoka katika bonasi ya majani hayo.

Jioni ile alimpigia mama yake simu, akamweleza kwamba amenunua chai ya Uingereza. Mama alinyamaza kidogo. "Na hii yetu, mwanangu," akauliza, "huwa wanaipeleka wapi?" Hakuweza kumjibu upesi.

Baada ya miezi michache msafiri mmoja alimletea pakiti ya chai ya kwao, mama ameifunga kwa leso. Jumapili hiyo alimkaribisha mwuguzi Mwingereza wafanyaye kazi pamoja, akitumaini kwamba wataburudika kwa kitu cha kwao wote wawili. Mama yule alipochungulia sufuria alishtuka: maji, maziwa, majani na sukari, vyote vinatokota pamoja! Kwao chai haichemshwi hivyo. Majani hutiwa maji ya moto, na maziwa huongezwa kikombeni. Akaonja. Akasema ni tamu, ila haifanani kabisa na ya Uingereza.

Alikunywa vikombe viwili. Habari hii ilipofika Nyaramba, mama alitaka kujua jambo moja tu, kwamba kile cha pili aliomba mwenyewe au alilazimishwa.