Sauti Ndani ya Simu

Nyumbani kwetu Hombolo binti yetu huimba hadi majirani wanasikia. Shule ya Jumapili, kwa miaka miwili, hakutamka neno. Tulimwombea kama mwenye pepo bubu; siku moja, tunaungama, tulimchapa.

Daktari mmoja mjini alituambia mtoto si mkaidi, ni hofu inayomfunga koo. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa Marekani, DSM-5, unauhesabu ukimya huu miongoni mwa magonjwa ya wasiwasi. Akatushauri tutumie simu. Tukamrekodi akiimba huku akichambua mchicha, kwa ridhaa yake, na mwalimu akasikiliza mtoto akiwepo, bila kumsifu kupita kiasi. Baadaye akawa anamtumia mwalimu sauti kwa WhatsApp. Kisha mwalimu akaja kusikiliza nje ya mlango wetu, mwishowe ndani. Ilichukua msimu mzima wa zabibu, na bando si bure.

Zakaria naye alipokuwa bubu alipewa kibao aandike. Hakuna aliyemchapa.

Jumapili iliyopita mwalimu alipoita majina, alijibu, “Nipo.” Mama Mchungaji alitaka kupiga vigelegele, tukamwashiria atulie.