Majani Mekundu na Ukungu wa Nyungwe

Askari mmoja aliyekuwa masomoni Ulaya alimpelekea mkewe, huko Kamembe, picha ya milima iliyowaka majani mekundu, kabla baridi haijaivua miti. Naye bibi akapanda basi alfajiri, akashuka Pindura, amjibu kwa picha ya Nyungwe.

Lakini msitu huo, ulioingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, hauvui majani yake kwa pamoja, miti hupokezana. Wekundu aliuona kwenye machipukizi tu, na kabla hajapiga picha, ukungu ukafunika yote. Akaipeleka hivyo hivyo, nyeupe tupu.

Mumewe akajibu: "Ukungu wetu nimeutambua. Nimelia."

Ndugu msomaji, aliye mbali hahitaji uzuri, ahitaji kwao.