Kuuliza Si Ujinga, Lakini Kila Mara?

Sisi wanachama watatu tunaosoma kompyuta tulipewa na chama kazi ya kutengeneza mtambo wa kutafuta maneno katika hadithi ambazo wanachama wamerekodi kwa bibi na babu zao. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Hadithi yao isipopatikana, ni kama wamezikwa mara ya pili.

Tulitumia Solr, ambayo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012 huweza kugawa kazi kwa kundi la seva. Faharasa hukatwa vipande, kila kipande huwa na nakala kadhaa, na nakala moja huwa kiongozi. Hapo swali huzuka: programu inayopeleka swali la msomaji, ambayo wenye fani huiita mteja, itajuaje seva ipi iko hai na kiongozi ni nani?

Jibu liko kwenye daftari la pamoja liitwalo ZooKeeper. Kila seva ikiwaka hujiandikisha humo. Mawasiliano yakikatika kupita muda uliowekwa, jina lake hufutika lenyewe. Mteja hasomi daftari hilo kila anapotafuta. Kuuliza si ujinga, lakini wateja elfu wakiuliza kila sekunde, daftari litaelemewa. Badala yake huacha ombi: "Pakibadilika, nijulishe." Ombi hilo hufanya kazi mara moja tu, akishajulishwa, lazima aliweke upya.

Kwa mikusanyo asiyoifuatilia hivyo, mteja huhifadhi habari zake kwa muda, na kila swali hulipeleka pamoja na namba ya toleo la habari alizonazo. Seva ikiona namba imepitwa na wakati humwambia, naye husoma daftari upya, na ikibidi hurudia swali.

Tulizima seva moja kati ya tatu kwa makusudi, mwenzetu akatafuta neno "mkwezi". Hadithi ikatoka kwenye nakala nyingine.

Kilichotugusa zaidi ni ile namba. Sisi tulio ughaibuni tunaijua hali hiyo: bei ya unga tunayoikumbuka ni ya mwaka tulioondoka nyumbani. Mteja huyu hadai kwamba alijualo ni la leo. Husema ni la lini, kisha hukubali kusahihishwa.

Nafasi kwenye seva bado ipo. Mwenye rekodi ya mzee wake na ailete.