Tulipopanda Ukingo wa Kilimatinde

Sisi tusomao Tabora tumezoea kuambiwa ya kwamba nchi yetu ni tambarare, wala haina mlima wa kujivunia. Mtu atakaye milima huelekezwa Kilimanjaro, au hupewa kitabu asome habari za Himalaya, ambako wasafiri huvuka mapito yaliyo juu zaidi ya mita 5,000. Hayo ni kweli. Lakini barabara ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo hata Tabora, kisha Ujiji, nayo ina mapito yake. Moja ni Rubeho, katika milima ya Usagara. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, wote wawili wagonjwa, na Speke akaweweseka kwa homa hata ikabidi aondolewe silaha zake. Pito jingine li karibu nasi zaidi, nalo ni ukingo wa Bonde la Ufa hapo Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni. Likizo iliyopita tuliupanda kwa miguu, wavulana watano pamoja na mwalimu wetu, na Mhariri ameniomba niwaandikieni habari zake.

Kwanza yafaa mjue mahali penyewe. Msafara utokao pwani ulipokwisha kuvuka Ugogo, ulikuwa umelipa hongo kwa mtemi huyu na mtemi yule, ili upate kupita na kuteka maji. Ndipo ulipoukuta ukingo huu umesimama mbele yake kama ukuta. Huko juu hongo za Ugogo zilikwisha, lakini hapo hapo ikaanza Mgunda Mkali, pori kavu la mwendo wa siku nyingi, lenye maji haba na vijiji vichache. Aliyelivuka pori hilo alitokea Tura, mpakani mwa Unyamwezi, na mpagazi wa Kinyamwezi akajua ya kuwa amefika kwao.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kwenda pwani alichukua pembe za ndovu. Kurudi alichukua merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Wala tusisahau ya kuwa si wote waliopita njia hii kwa hiari yao. Wengi waliswagwa wamefungwa minyororo, wakauzwa kama bidhaa. Kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatuendi kucheza.

Kabla ya safari mwalimu alitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Hapo alitusimulia habari za Chuma na Susi na wenzao. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watu hao waliukausha mwili wake, wakauchukua mabegani. Walipofika Unyanyembe, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Waliendelea hata wakafika Bagamoyo, Februari 1874, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500.

Basi tulipanda treni Tabora, tukashuka Kintinku, chini bondeni. Tuligawana kazi kama msafara wa zamani. Mmoja alikuwa kirangozi, naye alitangulia. Mmoja alikuwa mpishi. Wawili walikuwa wapagazi. Nami niliwekwa nyuma kabisa, nihakikishe hakuna atakayebaki. Vyakula, sufuria na turubai tulivitia katika gunia moja, tukalipima hata likatimia frasila mbili. Shabaha yetu ilikuwa kujua uzito ule kwa shingo zetu wenyewe. Tulilichukua kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyemaliza nusu saa bila kuomba apokewe. Mpagazi wa zamani alikwenda nalo kwa muda wa miezi mitatu, na kila alfajiri alijitwisha tena.

Bondeni njia ni rahisi, miongoni mwa miiba na mibuyu. Jua lilipopanda, vumbi likawa jingi na maneno yakapungua. Kuanzia mchana njia ilianza kuinuka, mawe yakateleza chini ya miguu yetu. Hapo ndipo mpagazi wetu mmoja, mvulana wa kutoka Urambo, mwenye nguvu kuliko sisi sote, alipokanyaga jiwe lililolegea akateguka kifundo cha mguu. Hakulia, ila alikaa chini akanyamaza, na mguu ukavimba tukiutazama.

Tukafanya shauri. Kirangozi alisema, tena kwa akili, kwamba jua limeanza kushuka na maji yamepungua. Afadhali mwenzetu akae kivulini pamoja na mwalimu, sisi tupande upesi tukamletee pikipiki kutoka Kilimatinde. Akaongeza kwamba hata misafara ya zamani iliwaacha wagonjwa njiani, na hilo ni kweli, kwani wengi waliokamatwa na ndui walibaki maporini. Mpishi akamjibu, "Na wale wa Chitambo je?" Maneno yakawa makali kidogo. Tukamtazama mwalimu, naye akasema, "Muulizeni mwenyewe mguu."

Yule wa Urambo akasema, "Babu wa baba yangu alipita njia hii na mzigo kichwani. Mkinipakia pikipiki mtakuwa mmepanda ninyi. Mimi sitakuwa nimepanda. Naweza kwenda, ila polepole."

Baada ya hapo hatukubishana tena. Mwalimu aliufunga mguu kwa kitambaa, tukamkatia fimbo. Tulilifungua gunia tukagawana vitu vyote, hata yeye akadai apewe chumvi na majani ya chai. Kisha tukabadili utaratibu: mgonjwa akawa kirangozi, na kirangozi akaja nyuma pamoja nami. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Alipopumzika tulipumzika, na alipokwenda tulikwenda. Jambo la ajabu ni kwamba kwa mwendo ule hatukuchoka tena kama asubuhi, na maji yetu yakatosha.

Tulifika juu jua likiwa linazama. Tuligeuka tukaona nchi yote ya chini, bonde la Bahi likipotea katika ukungu, na njia tuliyopita nyembamba kama uzi. Mwenzetu alisimama kwa mguu mmoja akatazama muda mrefu. Kirangozi wetu wa kwanza akaenda kumshika bega, wala hakusema neno. Kesho yake hospitali ya Kilimatinde waliutazama mguu wakasema mfupa ni mzima, kisha tukapata gari hata Manyoni, na kutoka hapo treni ikaturudisha Tabora.

Tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ilikufa upesi, na leo mtu hulivuka Mgunda Mkali akiwa usingizini. Majina ya Burton na Speke yamo vitabuni. Majina ya wapagazi waliowachukulia mizigo, pamoja na dawa na vitabu vyao, mengi yamepotea. Na hata huko Himalaya mzigo wa mgeni mara nyingi huchukuliwa na mwenyeji asiyetajwa.

Kwa hiyo nawaomba wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza mambo mawili. Mkienda likizo, waulizeni wazee kama katika ukoo wenu alikuwako mpagazi, na jina lake ni nani, mkaliandike. Na mkipata nafasi ya kuupanda ukingo ule, chukueni maji ya kutosha, na aliye mzito wa mwendo mmtangulize mbele.