Mtaji wa Mkeo Si Wako



Ndugu yangu katika imani, kisa cha leo si cha kujivunia, maana mkosaji ni mimi mwenyewe.

Sisi wa Ngara tuliokuwa watu wazima mwaka 1994 hatusahau mwisho wa Aprili. Kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda. Wakawekwa Benaco, na pori likageuka mji. Mgao wao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta. Ndizi na mihogo hawakuwa nayo. Akina mama wa vijiji vyetu wakaona riziki: wanapeleka ndizi kichwani, wanarudi na mahindi. Na wanawake wa kambini, walioingia na mtoto mgongoni tu, wakatandika magunia chini wakaanza kuuza.

Mke wangu alikuwa miongoni mwa wabeba ndizi. Fedha zake aliziweka kwenye kopo la maziwa. Siku moja akiwa kisimani nikazichukua zote, nikanunua mabati. Nikajiambia, nyumba si yetu sote? Aliporudi akafungua kopo, akanitazama, akasema: "Ungeniomba, ningekupa." Hakuongeza neno.

Wiki ile hakuwa na cha kupeleka sokoni. Aliyemwinua ni mteja wake, mwanamke mkimbizi, aliyemkopesha debe la maharage bila karatasi wala shahidi. Mtu aliyepoteza kila kitu alimwamini mke wangu, na mimi mumewe nikamwibia.

Ndiyo, nasema kuiba. Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma, kama mwanamume alivyo na lake. Hata mahari, aya ya 4 inatufundisha kuwa mume hali humo ila kile mke alichotoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Na Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alikuwa na mali na mumewe hana. Alipouliza kama anaweza kumpa mumewe sadaka, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kuwa ana malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka. Sasa fikiri: ingekuwaje sadaka, kama mali ile ilikuwa ya mume tangu mwanzo?

Jambo hili ni zito zaidi kwetu mipakani. Vita vikiwa jirani, familia hutawanyika kwa usiku mmoja, na kopo la mama ndilo chakula cha watoto kesho yake. Kuna miaka mabasi yalipita mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi. Wake zetu walipanda mabasi hayo kufuata bidhaa. Fedha iliyopita hatari hiyo, wewe unaichukua ukiwa umekaa kitandani?

Deni la maharage mke wangu alilimaliza kabla wakimbizi hawajarudishwa Rwanda Desemba 1996. Deni langu kwake lilikaa zaidi ya miaka kumi. Lilinichoma siku mama mmoja aliponiuliza kwenye darsa: "Shekhe, mume akichukua mtaji wangu bila ruhusa, hukumu yake nini?" Nilijibu, lakini sauti ilitetemeka. Jioni ile nikamwomba mke wangu radhi, nikaanza kumlipa kidogo kidogo mpaka likaisha.

Basi ndugu yangu, ukihitaji fedha ya mkeo, muombe. Akikukopesha, andikianeni, kama Suratul Baqara, aya ya 282, inavyoelekeza. Wala usiache kutoa matumizi ya nyumba kwa kuwa yeye ana genge. Wajibu huo ni wako. Na kama lipo kopo ulilolifungua zamani, lirudishie leo, kabla ya Siku ambayo madeni hulipwa kwa mema yetu.

Wabillahi tawfiq.